Kioo cha Simu Kimevunjika: Jua Unachouziwa Kabla Hakijabandikwa

Peleka simu iliyopasuka kwa fundi yeyote, swali litakuwa lile lile: unataka orijino au kopi? Wengi hujibu kwa kuangalia mfuko, kisha siku chache baadaye wanalalamika kwamba simu inakula chaji, alama ya kidole imegoma, au wakiwa juani hawaoni kitu. Huenda fundi hakudanganya hata kidogo. Shida ni kwamba nyuma ya majina hayo mawili kuna vioo vya aina sita au saba, na umbali kati ya kopi nzuri na kopi mbaya ni mkubwa kuliko umbali kati ya kopi nzuri na orijino.

Mimi sina ugomvi na kopi. Nina ugomvi na simu iliyotoka na skrini ya OLED kuvalishwa ya LCD, ambayo ni aina nyingine kabisa (tofauti iko Hatua ya 2), bila mwenyewe kuambiwa. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili jambo hilo lisikukute, na ili ukiamua kuchukua cha bei nafuu, uchukue ukijua unachokosa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni nini hasa kilichovunjika

Anza kwa kubandua kioo cha ulinzi ulichobandika juu. Si mara moja wala mbili mtu amebeba simu hadi kwa fundi, kumbe kilichopasuka ni hicho tu.

Kikibanduka na ufa ukabaki, angalia picha. Skrini ya simu ina sehemu tatu: kioo cha juu unachokigusa, tachi inayohisi kidole, na paneli inayotoa picha. Ufa ukiwepo lakini picha ni safi na tachi inaitika kila kona, kilichokufa ni kioo cha juu peke yake. Ukiona doa jeusi kama wino linalotanuka siku hadi siku, au mistari ya kijani au waridi inayosimama kutoka juu hadi chini, paneli imeumia. Picha ikiwa nzuri lakini vidole havisikiki, au simu inajibonyeza yenyewe, tachi ndiyo mgonjwa.

Skrini ikiwa nyeusi kabisa, ipigie simu. Ikiita na kutetemeka, bodi, yaani ubao mkuu wa umeme ndani ya simu, iko hai. Tatizo liko kwenye skrini au kwenye konekta yake, ile plagi ndogo inayoiunganisha na bodi. Mwambie fundi aichomoe na kuichomeka upya kabla hajatangaza bei ya kioo kipya. Simu iliyoanguka mara nyingine huwa imelegea konekta tu.

Katika simu za zamani fundi aliweza kubadili tachi peke yake akaiacha LCD. Siku hizi sehemu zote tatu zimegandishwa pamoja kwa gundi angavu, na katika simu nyingi tachi imo ndani ya paneli yenyewe. Kwa hiyo kinachobadilishwa kwa kawaida ni kipande kizima. Kubadili kioo cha juu pekee bado kunawezekana, ila kunahitaji mashine: skrini hupashwa joto la karibu nyuzi 80 za Selsiasi, uzi mwembamba wa chuma hupitishwa kati ya kioo na paneli, gundi ya zamani husafishwa, karatasi mpya ya gundi angavu hulazwa, kisha kioo kipya hukandamizwa ndani ya chumba kisicho na hewa na viputo kuondolewa kwa shinikizo. Fundi mwenye mashine hizo akikuambia anaweza, msikilize. Anayetaka kuifanya kwa bunduki ya joto na wembe, hasa kwenye OLED, mpokonye simu yako kwa adabu.

Kabla hujamwachia mtu, hifadhi data zako. Simu ya Android ambayo tachi imekufa lakini picha inaonekana unaweza kuichomekea mausi ya kompyuta kupitia adapta ya OTG, kile kiunganishi kidogo kinachoingia kwenye tundu la chaji na kupokea waya wa USB. Mshale utatokea kwenye skrini, utaingiza nywila na kuhamisha picha na namba zako. Njia hii imeokoa data nyingi kuliko programu zote zinazojitangaza kuokoa data.

Hatua ya 2: Jua simu yako ilitoka kiwandani na paneli gani

Hapa ndipo penye ufunguo wa kila kitu, na ni hatua ambayo wateja wengi huiruka. Paneli za simu ni za koo mbili.

LCD haitoi mwanga wake. Ni kama pazia lililotundikwa mbele ya taa: taa ya nyuma inawaka wakati wote, na pikseli, yaani vidoto vidogo vinavyounda picha, zinafungua na kufunga njia ya mwanga. Ndiyo maana nyeusi ya LCD si nyeusi kamili, ina ukijivu. OLED haina taa ya nyuma. Kila pikseli inajiwakia, na panapotakiwa weusi pikseli inazimika kabisa. AMOLED na Super AMOLED ni ukoo huo huo wa OLED.

Kama skrini yako bado inawaka, jaribio ni la dakika moja: ingia chumba chenye giza, fungua picha nyeusi tupu, ongeza mwanga hadi mwisho. Skrini yote ikionekana kung'aa kijivu hafifu, ni LCD. Ukishindwa kutofautisha mwisho wa skrini na mwanzo wa giza la chumba, ni OLED.

Kama haiwaki, tumia namba ya modeli, wala si jina la biashara. Jina hudanganya. Redmi Note 10 ya kawaida ina AMOLED ya inchi 6.43, lakini Redmi Note 10 5G ina LCD ya inchi 6.5, kioo cha moja hakiingii kwa nyingine. Galaxy A13 ya 4G na Galaxy A13 ya 5G nazo hazifanani: moja ina inchi 6.6, nyingine 6.5, na idadi ya pikseli ni tofauti. Namba kamili, ile inayoanza na SM kwa Samsung, ipo kwenye mipangilio ya simu, kwenye boksi lake, na mara nyingi mgongoni kwa maandishi madogo.

Kwa iPhone, hesabu ni rahisi. Hadi iPhone 8 zote ni LCD. iPhone X ya mwaka 2017 ndiyo iliyoanza na OLED. XR, 11 ya kawaida na SE za mwaka 2020 na 2022 zikabaki na LCD, ilhali XS, 11 Pro na familia yote ya 12 na kuendelea zikachukua OLED.

Jibu likiwa LCD, mambo yako ni mepesi. Jibu likiwa OLED, soma hatua inayofuata neno kwa neno.

Hatua ya 3: Zijue aina zenyewe

Nianze na vinavyoitwa orijino, kwa sababu huko ndiko mchanganyiko unakoanzia.

Orijino mpya ni kioo kilichotoka kwa mwenye chapa kama spea. Kwa Samsung kinauzwa kwa jina la Service Pack, kikiwa na fremu yake, na kwa baadhi ya modeli na betri ikiwa tayari imebandikwa. Boksi lina lebo yenye namba ya spea, nyingi zikianza na GH82. Ni ghali, na kwa simu ya miaka kadhaa bei yake inaweza kukaribia bei ya simu yenyewe iliyotumika. Lebo si ushahidi wa mwisho, maana maboksi nayo hutengenezwa. Itazame lebo, ila usiishie hapo.

Orijino ya mtumba ni kioo kilichovuliwa kwenye simu nyingine, labda iliyokufa bodi. Ubora ni ule ule wa kiwandani, kimechakaa tu. Kwa LCD, mtumba safi ni mali nzuri sana. Kwa OLED kuwa mwangalifu, kwa sababu pikseli zake huzeeka kwa matumizi, na za bluu huzeeka haraka kuliko nyingine. Matokeo yake ni vivuli vya kibodi na vya alama za betri na saa vilivyoganda, na skrini nzima kuelekea unjano. Fungua picha ya kijivu tupu, si nyeupe. Kivuli kinachojificha kwenye nyeupe hujitokeza kwenye kijivu.

Iliyokarabatiwa ni paneli ya orijino iliyovalishwa kioo kipya cha juu kwa njia niliyoieleza kwenye hatua ya kwanza. Rangi, mwanga na matumizi ya chaji hubaki vya kiwandani. Kinachopungua ni kioo: mara nyingi si kigumu kama cha mwanzo, na ule utando wa juu unaofanya mafuta ya vidole yafutike kirahisi huwa hafifu au haupo. Ukiwa na simu ya OLED na ukapata iliyokarabatiwa kwa kazi safi, bila vumbi ndani wala viputo pembezoni, naiweka mbele ya kopi yoyote. Wauzaji wengi huiita orijino bila kuongeza neno. Wewe uliza: kioo cha juu kimebadilishwa?

Sasa kopi za OLED. Hizi ziko mbili, na tofauti yake iko kwenye kitako ambacho pikseli zimejengwa juu yake.

OLED laini, ambayo kwenye boksi husomeka Soft OLED, imejengwa juu ya plastiki nyembamba inayokunjika. Hiyo ndiyo njia iliyotumika kiwandani kwa iPhone X na zilizofuata zenye OLED, na kwa simu nyingi za bei ya juu. Kwa sababu inakunjika, ukingo wa chini huingizwa nyuma na mpaka mweusi kuzunguka picha unabaki mwembamba pande zote. Ikianguka, plastiki hustahimili mtikisiko. Ndiyo kopi ninayoweza kumshauri mtu anayeipenda simu yake.

OLED ngumu, Hard OLED, imejengwa juu ya kioo. Rangi ni nzuri, nyeusi ni nyeusi kweli, chaji haiumii sana. Udhaifu wake ni mmoja ila ni mkubwa: haikunjiki hata kidogo. Ukingo mweusi wa chini huwa mnene zaidi, na anguko ambalo OLED laini ingelivumilia linaweza kuizima hii nusu skrini huku kioo cha juu kikiwa hakina hata mkwaruzo. Mtu mwenye kava nene na mikono iliyotulia atadumu nayo. Mwenye watoto wanaochezea simu, asiichukue.

Halafu kuna LCD inayowekwa kwenye simu ya OLED, na hii ndiyo inayoleta malalamiko mengi. Boksi litaandikwa Incell, na hapo panahitaji maelezo kidogo, kwa sababu neno hilo limechukuliwa na wauzaji likageuzwa jina la daraja. Incell ni LCD ambayo tachi imejengwa ndani ya paneli, hivyo skrini inakuwa nyembamba. Apple waliianza kwenye iPhone 5 mwaka 2012. Si teknolojia mbovu. Ubovu unakuja pale inapolazimishwa kwenye simu iliyoundwa kwa ajili ya OLED. Taa ya nyuma inawaka muda wote, kwa hiyo mandhari nyeusi haiokoi chaji tena. Kipande kizima ni kinene kuliko cha mwanzo, na ukipitisha ukucha kwenye ukingo unausikia umeinuka juu ya fremu. Mipaka myeusi inanenepa, hasa chini. Na modeli nyingi za kopi hizi zina pikseli pungufu, hivyo maandishi madogo yanaonekana yana ukungu.

Chini kabisa kuna zinazouzwa kwa jina la TFT. Kiufundi karibu LCD na OLED zote za simu zina TFT (swichi ndogo mno zinazoendesha pikseli) ndani yake, lakini kwenye biashara ya spea jina hilo limebaki kwa LCD ya bei ya chini kabisa, ambayo tachi ni tabaka la pekee juu ya paneli. Ni nene, mwanga ni hafifu, na ukiinamisha simu pembeni rangi zinageuka. Hii ni ya simu unayotaka iwake tu, uhamishe vitu vyako au uiuze ikiwa inaonekana, na ukiiuza mwambie mnunuzi.

Simu ambayo ilitoka na LCD haina ngazi zote hizo. Chaguo lako ni LCD ya orijino, ya mtumba, au kopi, na kopi nzuri ya Incell kwa iPhone 8, XR au 11 haikosi mengi ambayo macho ya kawaida yatayaona. Tofauti utaipata kwenye mwanga wa juani na ugumu wa kioo. Kwa simu hizi sioni haja ya kuvunja kibubu kwa ajili ya orijino mpya, labda kama simu yenyewe bado mpya.

Hatua ya 4: Jiulize maswali haya kabla ya bei

Simu yako inasoma alama ya kidole kupitia skrini? Kama ndiyo, LCD imetoka kwenye orodha. Msomaji wa alama wa aina ya mwanga huimulika ngozi ya kidole kwa mwanga wa OLED yenyewe na kuiona kupitia kwenye paneli. Taa ya nyuma ya LCD inaziba njia hiyo. Hata kopi za OLED si zote zinazoruhusu, kwa hiyo mtake muuzaji aseme waziwazi kwamba alama ya kidole inafanya kazi, na iandikwe kwenye risiti.

Unatumia ile saa inayobaki ikionekana wakati simu imelala? Kwenye OLED inawasha pikseli chache tu. Kwenye LCD taa yote inawaka kwa ajili ya tarakimu nne.

Skrini yako ya mwanzo ilikuwa ya Hz 90 au 120, yaani picha hujichora upya mara ngapi kwa sekunde? Kopi nyingi ni za Hz 60. Utaona mara ya kwanza tu ukiteremsha orodha ndefu: maandishi yatakokotwa badala ya kuteleza. iPhone 13 Pro ya mwaka 2021 ndiyo iliyoanza na Hz 120 upande wa simu za Apple, hivyo kuanzia Pro hiyo uliza swali hili.

Unafanya kazi nje? Basi mwanga wa juu kabisa ni muhimu kwako kuliko rangi. iPhone X na 11 zilitoka na mwanga wa niti 625 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini). Kopi dhaifu haifiki huko, na ndani ya duka lenye taa hafifu hutagundua. Ijaribu mlangoni, kwenye jua.

Na swali la mwisho, utakaa na simu hii muda gani? Miezi michache, OLED ngumu inatosha. Miaka, panda hadi laini au iliyokarabatiwa.

Hatua ya 5: Jiandae kwa simu kulalamika

Baadhi ya simu zinatambua kioo kigeni. Kuanzia iPhone 11, ukiweka skrini isiyothibitishwa utapata ujumbe kwamba simu imeshindwa kuhakiki kama ni ya Apple. Unaonekana siku za mwanzo, kisha unahamia ndani ya mipangilio kwenye sehemu ya Kuhusu. Hauzuii simu kufanya kazi. Tangu toleo la 15.2 la iOS, mfumo unaoendesha iPhone, sehemu hiyo hiyo inaonyesha historia ya spea, jambo zuri pia kwa anayenunua iPhone iliyotumika: unaweza kusoma pale kama skrini imebadilishwa, bila kumtegemea muuzaji.

True Tone, ile inayobadili rangi ya skrini kulingana na mwanga wa chumba, hupotea kwa kawaida baada ya kubadili kioo. Fundi mwenye kifaa cha kusoma na kuandika taarifa za skrini huihamisha kutoka kioo cha zamani kwenda kipya. Sharti ni moja: kioo cha zamani kiwe bado kinasomeka. Mwambie kabla hajaanza, si baada ya kukitupa.

Face ID, ile ya kufungua simu kwa uso, ndiyo ya kuogopa zaidi. Kwenye iPhone X hadi 12, baadhi ya vipande vyake vimeshikwa kwenye utepe wa spika ya masikio, na utepe huo umebandikwa kwenye skrini ya zamani. Lazima uhamishwe ule ule, bila kuchanika. Wa simu nyingine haukubali. Kwenye iPhone zenye kitufe cha alama ya kidole, kitufe nacho ni cha bodi hiyo peke yake. Fundi akikuambia ameweka kitufe kipya, jua alama ya kidole ndiyo basi.

Kwa Android zenye alama ya kidole chini ya kioo, baada ya kubadili futa alama zote za zamani uzisajili upya. Google Pixel kuanzia 6 zina programu ya kusawazisha msomaji huo, na bila kuiendesha msomaji anaweza kukataa hata kama kioo ni orijino.

Hatua ya 6: Na fremu au bila fremu

iPhone inafunguka kwa mbele, skrini inatoka na fremu yake nyembamba, hakuna mjadala. Android nyingi zinafunguka kwa nyuma na skrini imebandikwa kwenye fremu ya kati. Kioo bila fremu ni nafuu, lakini fundi atalazimika kukwangua vipande vya kioo cha zamani na gundi yote hadi fremu iwe tambarare. Chembe moja ikibaki, au fremu ikiwa imepinda kidogo kwenye kona iliyoangukia, kioo kipya kitapasuka chenyewe siku ya kwanza unapoiweka mfukoni. Kioo chenye fremu kinaondoa hatari hiyo. Kazi inakuwa kuhamisha bodi, kamera na betri. Fremu yako ikiwa imepinda, chukua chenye fremu hata kama ni ghali.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya gundi

Sheria isiyo na mjadala: kioo kichomekwe kwenye konekta, simu iwashwe, kioo kikiwa bado kimelala pembeni na plastiki yake ya juu haijabanduliwa. Betri ichomolewe kwanza kabla ya kugusa konekta ya skrini, maana kuichomeka huku umeme upo kunaweza kuunguza njia ya taa kwenye bodi. Baada ya gundi, hakuna muuzaji atakayekirudisha.

Simu ikiwaka, fanya haya mwenyewe, fundi akusubiri:

- Fungua kurasa tupu nyeupe, nyeusi, kijivu, nyekundu, kijani na bluu. Samsung wana menyu ya majaribio kwa kupiga *#0*#, na Xiaomi kwa *#*#6484#*#*.
- Shika alama ya programu moja, ikokote polepole kwenye kila sentimita ya skrini, kona zote nne zikiwemo. Ikidondoka njiani, hapo tachi imekufa.
- Weka vidole viwili, vuta ramani au picha, kisha acha simu mezani bila kuigusa. Ikifungua kitu yenyewe, kirudishe.
- Piga simu, iweke sikioni. Skrini lazima izime na iwake ukiiondoa.
- Funika sehemu ya juu kwa kiganja huku mwanga ukiwa wa kujirekebisha, uone kama unashuka.
- Vaa miwani ya jua yenye vioo vya polaroidi, zungusha simu wima na mlalo. Baadhi ya kopi zinazimika kabisa machoni simu ikiwa wima.

Kuna jaribio moja zaidi, na ndilo ninalolipenda. Mafundi wengi wanaofanya kazi za bodi wana darubini mezani. Mwombe aweke kioo chako chini yake, kikiwa na ukurasa mweupe. LCD itakuonyesha vijiti vitatu vilivyosimama bega kwa bega, nyekundu, kijani na bluu, vya urefu mmoja, safu baada ya safu kama uzio. OLED za iPhone na Samsung zitakuonyesha vidoto vilivyopangwa kimshazari: vya kijani ni vidogo na vingi, vyekundu na vya bluu ni vikubwa na vichache, na kati yao kuna weusi mtupu. Umeahidiwa OLED na unaona uzio? Mazungumzo ya bei yaanze upya.

Hatua ya 8: Gundi, maji na kioo cha zamani

Gundi za mafundi kama B-7000 hushika ndani ya dakika chache lakini hukomaa baada ya siku nzima au mbili. Simu ibanwe kwa vibanio au mipira kwa saa kadhaa, na siku hiyo isiwekwe mfuko wa nyuma wala kuachwa kwenye gari lenye joto. Ukingo ukiinuka kesho yake, mara nyingi ni kwa sababu ilitolewa kwenye vibanio mapema.

Simu yenye IP67 au IP68 (viwango vya kuzuia vumbi na maji) ilizuia maji kwa utando wa gundi uliokatwa kwa umbo lake kiwandani. Mwombe fundi aweke utando mpya wa modeli yako badala ya gundi ya tyubu pekee. Hata hivyo, usiiamini tena karibu na maji.

Risiti iandikwe aina kamili: "OLED laini, bila fremu, alama ya kidole inafanya kazi", pamoja na muda wa waranti. "Kioo orijino" peke yake haikusaidii ukirudi na malalamiko. Waranti nyingi hazihusu ufa, na hiyo ni haki; zinatakiwa kuhusu tachi, mistari na madoa yanayojitokeza yenyewe.

Kisha dai kioo chako cha zamani. Kama ni OLED ya kiwandani ambayo kioo cha juu tu ndicho kilichopasuka na picha ni safi, kina thamani: ndicho kinachokarabatiwa na kuuzwa tena kwa mwingine. Fundi akikitaka, apunguze bei ya kazi. Asipokitaka, kiviringishe kwenye kitambaa ukihifadhi, kwa sababu ukija kutaka kurudishiwa True Tone, au ukipata fundi mwenye mashine ya kubadili kioo cha juu, ndicho kitakachohitajika.